Mpini wa Vidole Vitatu

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Sijawahi kumwambia mtu yeyote: ninapenda visu. Si kwa ubaya. Ninapenda vile bapa linavyopungua unene likielekea kwenye makali, kidogo kidogo, mpaka jicho linashindwa kujua chuma kimeishia wapi. Darasani wakiniona nimeinama wanadhani ninachora nguo. Ninachora visu. Msichana wa Kidato cha Tatu anayesoma riwaya wakati wa lanchi na kuchora visu wakati wa Jiografia — ningemwambia nani?

Shule zilifungwa jana. Mama bado yuko Ol Kalou akimuuguza Cucu, nyanya yangu, kwa hivyo hapa Dagoretti ni mimi na Baba tu. Na sasa kuna kisu cha kweli ninachojaribu kutengeneza. Ni chake.

Baba ni mchunaji kichinjioni. Ng'ombe akishachinjwa na kuning'inizwa, yeye ndiye humtoa ngozi. Mwezi wa tatu kisu kiliteleza kikamkata kiganja cha kulia. Kidonda kilipona, lakini kidole cha pete na kile kidogo havikunjiki tena. Vinasimama tu, kama vya mtu anayekunywa chai kwa madaha. Kisu kinamzunguka mkononi na ngozi inatoboka. Ngozi yenye tundu haina mnunuzi. Ndegwa, nyapara wao, alimwambia mbele ya watu wote kwamba hatamvumilia kupita mwezi huu.

Baba alinisimulia akicheka. "Ati niende kwa mama yangu nikachune viazi!" Kicheko kikamwishia katikati.

Nimewaza kisu ambacho vidole vitatu vinatosha kukishika. Sidhani nitaweza. Sijawahi kumaliza kitu chochote isipokuwa vitabu.


Jumatatu, 4 Agosti

Kimepasuka.

Kile kipande cha springi ya pikapu nimekuwa nikikisugua kwa tupa tangu Julai, nyuma ya nyumba, Baba akiwa kazini. Vidole vyangu vimeota sugu. Leo kilikuwa tayari. Nikawasha jiko la mkaa, nikapulizia kwa draya ya nywele ya Mama, mpaka chuma kikawa rangi ya chungwa. Kisha nikakichovya kwenye ndoo ya maji ili kiwe kigumu.

Ting! Sauti ndogo tu, kama kijiko kikigonga glasi. Ufa kutoka kwenye makali mpaka katikati.

Sikulia. Nilikaa tu kwenye ngazi nikiwa nimekishika. Jirani alipita akaniuliza kama nimeunguza maharagwe. Nikasema ndiyo.

Baba amerudi jioni. Nilimuuliza siku ilikuwaje. Akasema, "Hii mkono imekataa." Akala ugali kwa mkono wa kushoto.


Alhamisi, 7 Agosti

Nilienda maktaba ya Upper Hill. Baba anadhani ninadurusu Kemia. Kwa namna fulani ni Kemia. Nimesoma kwamba chuma cha springi hakitaki maji, kinataka mafuta — maji hukipoza haraka mno, nje kinakaza kabla ya ndani, kinajirarua chenyewe. Iliandikwa kwenye ukurasa wa kwanza kabisa wa sura ile! Ningeisoma mapema ningekuwa na kisu. Mimi, ambaye husoma hata maandishi ya pakiti ya chumvi.

Kurudi, nilipitia kwa Kisilu, fundi anayechomelea mageti karibu na soko. Nikamwomba kipande kingine. Akaniangalia.

"Wee msomi, unataka kuchinja nani?"

Nikasema ni projekti ya shule. Alicheka, lakini alinikatia umbo kabisa kwa grinda yake, kwa hivyo kazi ya tupa itakuwa ndogo.

Jambo moja jema. Nilihitaji kujua mkono wa Baba unavyoshika kitu, na siwezi kumwambia. Kwa hivyo nilikanda unga wa chapati, nikamwomba anisaidie kuupima kama umelainika. "Shika hivi, Baba, kama unashika kisu. Kaza." Akakaza. "Sasa hii ndiyo wanawafunza siku hizi?" Alipogeuka nilichukua lile donge na kulificha chini ya kitanda. Limekauka sasa. Kidole gumba, cha shahada na cha kati vimeacha mashimo marefu. Vile vingine viwili havikuacha alama yoyote.

Nimeliangalia donge hilo muda mrefu.


Jumapili, 10 Agosti

Mafuta nimepata! Mwaura, binamu yangu anayeosha masufuria katika hoteli moja kule Karen, alikuja baada ya kanisa. Nilikuwa nimemtumia ujumbe anitafutie mafuta yaliyotumika, yale wanayomwaga. Mafuta ya kupikia ni ghali na Baba angegundua yakipungua.

"Niaje, profesa. Mzigo yako hii hapa."

Mkebe mzima. Mafuta meupe, yameganda, na vijipande vyeusi chini. Yananuka moshi. Aliniuliza ninafanya nini nayo. Nikasema sabuni. Akasema watu wa kusoma sana huishia hivyo, kupika sabuni.

Huu ni wa ngapi sasa — uongo. Sihesabu.

Baba hakuja kanisani. Alisema anaumwa kichwa. Nadhani hakutaka kusalimiana na watu kwa mkono.


Jumanne, 12 Agosti

Nilifunga mapazia ili nione rangi ya moto vizuri. Nilikuwa na sumaku ya spika kuukuu. Kitabu cha maktaba kilisema chuma kikifikia joto linalofaa sumaku huacha kukivuta. Ikaacha. Nikakichovya kwenye mkebe. Moshi! Moto kidogo juu ya mafuta, nikaufunika kwa sinia. Nikangoja ile ting.

Haikuja.

Nikajaribu tupa kwenye makali. Ikateleza, kama juu ya kioo. Kigumu!

Kisha nikakiweka kwenye sufuria ya mchanga juu ya jiko, polepole, mpaka kikapata rangi ya majani makavu, ili kisiwe kigumu hadi cha kuvunjika. Sijui kama hii ndiyo furaha au ni hofu tu ya kitu kingine kuharibika. Huwa kinaharibika.


Jumamosi, 16 Agosti

Mpini umekwisha. Mti wa mutamaiyu, mzeituni wa porini, kutoka kwenye kuni za Mama. Una mishipa ya kahawia na harufu kama ya asali iliyochacha. Nimeuchonga nikilinganisha na lile donge la unga: shimo la gumba, shimo la shahada, shimo la kidole cha kati, na nyuma nimeacha nundu inayojaza kiganja pale vidole viwili vingepaswa kuwa. Msasa mpaka usiku ulipoingia jana, na tena leo. Nilijikata mara kadhaa. Nimesema ni karatasi za vitabu.

Baba alisema Ndegwa ameshaleta kijana mwingine, anamfundisha mahali pa kusimama. Mahali pa Baba.


Jumapili, 17 Agosti

Nimempa.

Nilikuwa nimepanga maneno. Yote yalitoka kichwani. Nilikiweka tu kwenye meza kando ya chai nikaenda kusimama jikoni.

Kisha nikasikia, "Wanjira. Kuja hapa."

Alikuwa amekishika. Kimemkaa! Aligeuza mkono juu, chini, pembeni. Hakikuzunguka.

"Nani ametengeneza hii?"

Nikasema mimi. Alitaka kucheka, akaangalia vidole vyangu, akaacha. Akaniuliza nilijuaje mkono wake. Nikasema chapati. Akakaa akifikiria, halafu akapiga meza. "Ile siku ya unga! Wee mtoto, wewe ni mwizi kabisa!"

Kisha akaenda nje. Alikaa huko akichuna hewa. Nilimwona dirishani.


Jumatano, 20 Agosti

Ngozi nzima. Siku tatu, hakuna tundu. Baba anasimulia kama mtu aliyetoka vitani: Ndegwa alishika ngozi juu ya mwanga, akaitafuta kasoro kote, akaiweka chini. Yule kijana amepelekwa kuosha matumbo.

Na kuna jambo. Mzee Abdalla aliomba kukiona kisu. Yeye ndiye mchinjaji, mtu wa Lamu, ndiye anayechinja kwa jina la Mungu ili Waislamu waweze kula nyama ya pale. Nikiwa mdogo alikuwa akinipa kashata getini. Baba anasema alikipapasa kwa gumba, akasema mashallah, akauliza nani fundi. Alipoambiwa hakuamini. Sasa anataka chake! Kirefu, cha kuchinjia. Amesema atanipa mbao za mpini kutoka kwao Lamu, nizichague mwenyewe.

Baba alikuwa akiimba akioga. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nimemtumia Mwaura ujumbe: nahitaji mkebe mwingine wa yale mafuta.


Alhamisi, 21 Agosti

Nitaandika vile ilivyokuwa.

Mwaura alipiga simu mchana. "Profesa, hiyo sabuni imeshika soko, eh?" Akasema mafuta yako mengi, ataleta Jumapili, wazungu wa hapo hawaamki bila bacon. Nikauliza bacon inahusiana na nini. Akacheka sana. "Wewe ulidhani ni ya nini? Ni ya nguruwe, msee! Hiyo yote nyeupe ni nguruwe."

Sikumbuki nilisema nini. Nilikata simu.

Mafuta ya nguruwe. Nilichovya kisu katika mafuta ya nguruwe na kukipeleka mahali ambapo nguruwe haruhusiwi hata kupita getini. Sikuuliza. Mkebe ulinuka kama Krismasi kwa kina Jackie jirani, na mimi sikuuliza!

Nimejaribu kujitetea. Nilikipiga msasa. Nilikichoma kwenye mchanga. Nilikiosha kwa sabuni na maji moto. Mafuta gani yangebaki? Labda hakuna. Kikemia labda hakuna kabisa. Lakini si mimi wa kuamua. Kama Waislamu wangetaka Kemia wangeniuliza Kemia.

Nikisema, Baba anarudi kwenye kisu cha zamani, au hata hicho hapewi nafasi ya kukishika. Nisiposema, kila siku Baba anachuna, na nyama inaenda kwa watu wanaomwamini Mzee Abdalla.

Baba amerudi. Ameleta matumbo, ameyapika mwenyewe. Amesema Ndegwa alimwita "Mzee Mbuthia" leo. Nilikula. Nilisema ni tamu. Sikusema kingine.


Ijumaa, 22 Agosti

Nilienda mjini. Nilimwambia Baba ni maktaba, lakini nilishuka hadi katikati ya jiji, kwenye hoteli ya Shahida. Ni binti ya Mzee Abdalla. Hununua nyama kichinjioni kwa kina Baba. Nilifikiri ningemwambia yeye, halafu yeye angemwambia baba yake. Kwa mtu kama mimi hiyo ndiyo njia, kupitia kwa mtu mwingine.

Nilifika watu wakitoka msikitini. Wanaume wenye kanzu, makarani wenye tai, wazee, watoto. Meza zote zikajaa. Pilau. Sahani baada ya sahani, na nyama juu yake.

Shahida aliniona kupitia kioo.

"Binti Mbuthia! Mbona wasimama mlangoni kama mdai? Ingia, mwanangu!"

Akanivuta ndani, akanikalisha, akaniletea sahani. Akawaambia wateja wa meza ya jirani kwamba huyu ndiye fundi wa visu wa baba yake, mnamwona alivyo mwembamba? Mzee mmoja akaniuliza kama natengeneza na majambia. Wakacheka, cheko zuri, la kunikaribisha. Niliangalia ile nyama kwenye sahani yangu. Nikafungua mdomo.

"Nimefunga," nikasema.

"Umefunga? Wakristo nanyi mwafunga Ijumaa?"

Nikasema ni ya kanisa letu. Akanifungia pilau nipeleke nyumbani. Nikashukuru. Nikatoka.

Nilitembea mpaka miguu ikauma. Pilau nilimpa mwanamke aliyekaa na mtoto nje ya benki, halafu nikawaza — na kama ni Mwislamu? Nikageuka nimuulize. Ningemuuliza nini?

Sina ujasiri. Nilijua hivyo tangu zamani. Vitabu havikupi.


Jumamosi, 23 Agosti

Ninaandika nikiwa kwenye benchi karibu na geti la kichinjio. Kuna mama wa chai hapa, amenipa kikombe bila kuuliza.

Asubuhi Baba alipokuwa akioga nilitoa kisu kwenye mfuko wake. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote: asiwe nacho. Alienda bila kuangalia. Nilikaa nacho mapajani mpaka nikaelewa kwamba nimefanya upumbavu tu. Atafika, hatakipata, atashika kile cha zamani, atatoboa. Na nyama ya jana na juzi iko palepale ilipo. Nikakifunga kwenye kitambaa, nikamfuata.

Alikuwa ameshatoka getini arudi nyumbani kukitafuta, na Ndegwa nyuma yake akipiga kelele kwamba ng'ombe wamepangwa, wanangoja nini.

"Umeleta?" Baba akasema. "Asante, mama. Nilidhani nimeibiwa." Akanyoosha mkono.

Sikumpa. Nikamwambia. Nilisema kwa sauti ndogo hivi kwamba aliniambia nirudie, na nikarudia. Ndegwa akasikia mara ya pili.

Nilitegemea Ndegwa afurahi. Hakufurahi. Uso wake ulibadilika, akaangalia barabara huku na huku. Akamuuliza Baba kama alijua. Baba akatikisa kichwa. Ndegwa akaniuliza nani mwingine anajua. Nikasema hakuna.

"Basi hakuna kitu," Ndegwa akasema. "Umesikia, msichana? Hakuna kitu imefanyika. Hiyo kisu peleka mtoni. Hii maneno ikitoka hapa, hakuna mtu ataleta ng'ombe hapa tena. Si baba yako peke yake. Sisi wote."

Nikamwangalia Baba. Alikuwa akiangalia chini.

"Rudi nyumbani, Wanjira," akasema. Polepole sana. "Tafadhali."

Ningerudi. Kweli ningerudi. Nilikuwa nimeshageuka. Lakini Mzee Abdalla alitokea ndani, mikono bado ina maji ya udhu, akaniona, na uso wake ukachangamka.

"Binti Mbuthia! Kisu changu kimekuwa tayari?"

Ndegwa akacheka haraka, akasema mtoto amemletea babake chai. Mzee Abdalla akaangalia mikono yangu. Hakuna thamosi. Kitambaa tu. Akanyoosha mkono, akangoja. Alikuwa na ile hali ya mtu anayemngojea mtoto amalize sentensi. Walimu hawana hali hiyo.

Nikamwambia. Mafuta, mkebe, Mwaura, yote. Nilimwambia Baba hakujua. Nikasema tena, Baba hakujua.

Hakupaza sauti. Alirudisha mkono aliokuwa ameunyoosha. Kisha akasema chuma huoshwa, kuna namna yake, mara saba na mojawapo kwa udongo. "Lakini nyama iliyokwisha kuliwa haioshwi, mwanangu." Akasema hilo hawezi kulijibu yeye, mpaka ampigie sheikh. Akaniuliza ni tangu siku gani.

Nikaanza na Jumatatu. Nilipofika jana ilibidi nimwambie pia kwamba jana nilikuwa nikijua. Na kwamba nilikaa kwa Shahida.

Hapo ndipo alipofumba macho.

Wameingia ofisini, yeye na Ndegwa, na mlango umefungwa. Mashine zimezimwa. Wachunaji wamesimama uani wakivuta sigara na kuulizana, na yule kijana wa matumbo ananiangalia. Kisu kiko hapa kando yangu kwenye benchi. Hakuna aliyekitaka.

Baba alikuja akasimama mbele yangu.

"Ungeniambia mimi kwanza," akasema.

"Ungenikataza."

Alifikiri. "Ndiyo," akasema. "Ningekukataza." Akaenda.

Sasa yuko kwenye bomba. Amevua gambuti zake na anaziosha, kama wafanyavyo kazi ikiisha jioni. Jua hata halijapanda. Mpira wa maji unataka mkono mmoja na brashi unataka mwingine, na ule wa kulia unauacha mpira kila mara. Unaanguka, anauinua. Unaanguka.

Niliacha kuandika hapo, nikaenda nikamshikia mpira. Hakuniangalia. Alisugua gambuti ya kwanza mpaka ikang'aa, akaigeuza, nikamwagia maji ndani, akaiegemeza ukutani. Kisha akanipa ya pili.